Kutoka kwa Aliye Mbali

Basi hapo ndipo Coy Ledbetter akageuka akanitazama, kipaza sauti mkononi, mbele ya watu wote wale, na mimi nikajua yamekwisha.

Neva ananizuia. Anasema barua haianzi hivyo, barua huanza na salamu. Haya. Yeye ni mke wa mchungaji, ameandika barua nyingi kuliko kuku niliokaanga mimi, kwa hiyo namsikiliza. Ruthanne mdogo wangu, hujambo? Carlene hajambo huko kwake? Na lile goti lako vipi, limekubali kupanda ngazi? Mimi mzima, ni uzee tu. Sukari inapanda na kushuka kama bei ya mayai. Nyanya mwaka huu zimeoza kitako kabla hazijaiva. Yule mbwa wa akina Stinnett mwenye jicho moja amekufa. Neva anauliza mbwa anahusikaje. Hahusiki, lakini wewe ndiye uliyekuwa ukimtupia mifupa, ungependa kujua.

Najua umeshasikia kwamba mwimbaji wetu Verlon Pickard amefariki. Mimi nilisikia redioni asubuhi, nimesimama kwenye sinki naosha mboga. Mtangazaji akasema amekufa usingizini, miaka themanini na mmoja. Mimi nikaendelea kuosha. Nikaosha mpaka mchanga ukaisha, nikamwaga maji, nikaosha tena. Nikawa najisubiri nilie. Mtu uliyemsikiliza tangu una meno yako yote, akifa unalia, si ndivyo? Sikulia. Nilikuwa kama mkono ulioulalia, unaugusa unaona kama wa mtu mwingine. Na mpaka leo niko hivyohivyo, kwa hiyo ukiona barua hii imekauka, usidhani ni dharau.

Jumamosi watu wakafanya kumbukumbu kwenye uwanja wa maonyesho ya ng'ombe, maana hakuna kanisa ambalo lingetosha. Kuzikwa amezikwa mjini na wakubwa wenzake. Hii ilikuwa yetu sisi tuliomjua kwa masikio tu. Kila mtu kaja na chakula, kama vile kuna wafiwa wa kulishwa. Wafiwa hawakuwepo. Meza kumi na mbili za kuku, mayai ya kujaza, pudini ya ndizi, kila bakuli limebandikwa jina la mwenyewe chini, na hakuna aliyejua amkabidhi nani. Watu wamesimama na mabakuli mikononi wanatazamana. Mwishowe tukala wenyewe. Mkate wangu wa mahindi ulikuwa mkavu. Niliusahau ndani ya jiko, mimi niliyepika shuleni miaka ishirini na minane.

Maxine Tidmore ndiye mwenyekiti wa wapenzi wa Verlon wilaya hii. Alivaa fulana yenye uso wa marehemu. Na unamjua Maxine alivyojaliwa kifua. Maskini Verlon, jicho moja linatazama mashariki, jingine magharibi, kidevu kimeishia huko kiunoni. Virgil Stinnett akaniegemea akaniambia kwamba hata kama mtu huyu asingekufa usingizini, fulana ile ingemmaliza. Neva anasema hayo hataki kuyaandika juu ya marehemu. Lakini naona kalamu inakwenda.

Watu wakawa wanapanda jukwaani mmoja mmoja kusema Verlon alikuwa nani kwao. Mzee mmoja alisema ameoa mara tatu, na mara zote tatu walipigiwa wimbo wake uleule, na akasema lawama yoyote ile isiende kwa wimbo. Mama mmoja alisema mwanawe alirudi kutoka vitani akiwa hasemi, miezi minne hasemi, mpaka siku moja Verlon akaimba redioni na kijana akasema, ongeza. Neno moja, ongeza. Hapo uwanja mzima ulilia. Hata wale wazee waliomtukana miaka arobaini kwamba ameuharibu muziki wetu kwa vinanda na ngoma za mjini, walikuwa mstari wa mbele wanajifuta macho kwa kofia. Mimi nilikaa tu. Nilimtazama inzi akitembea juu ya pudini.

Kisha wakapiga "Taa ya Barazani". Ule wimbo wa mwanamume anayemwambia mkewe asiizime taa, yuko njiani. Na ulipokwisha ndipo Coy akapanda. Coy amezeeka, Ruthanne, amekuwa mwembamba kama ufagio, lakini sauti ni ileile ya redioni. Akasema kati ya watu wote waliowahi kuomba wimbo huu kituoni kwake, kuna mmoja aliyewashinda wote, kila Ijumaa saa saba na nusu mchana, miaka kumi na mmoja, na mtu huyo yuko hapa leo. Ndipo akageuka akanitazama, kama nilivyosema mwanzoni kabla Neva hajanikata.

Akasema, "Bibi Ovaline, nilikujua tangu Ijumaa ya kwanza. Uliziba simu kwa kitambaa ukajifanya una sauti nzito. Sasa mwanamume gani anayepiga simu kutoka mbali, halafu kabla hajakata ananiuliza mguu wa mama yangu unaendeleaje?"

Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Halafu akawaambia nilikuwa nauomba kwa ajili ya mdogo wangu aliyeachwa na mume, na wakaacha kucheka. Wakasimama. Wakapiga makofi, Ruthanne. Wakasema hiyo ndiyo hadithi nzuri kuliko zote za siku ile, dada anayemtumia dada yake wimbo miaka kumi na mmoja bila kujisifu. Maxine akanikumbatia nikafunikwa na uso mzima wa Verlon. Na mimi nikasema asante. Ndilo neno lililotoka, asante.

Sasa umeshasikia. Nilikuwa nimelipangia njia nyingine, nije nalo polepole, lakini limetoka lenyewe. Kama umesimama, kaa. Hakuwa mumeo Garland. Si Ijumaa ya kwanza, si ya mwisho, si hata moja katikati. Nilikuwa mimi, kwenye stoo ya jiko la shule, kati ya magunia ya unga, watoto wakishakula.

Nakuambia leo Jumatatu kwa sababu Coy alirekodi yote na ataitoa redioni Ijumaa, na Carlene ana ile simu inayoshika redio za kila mahali, na nakujua, utasikiliza. Coy hana ubaya. Hakujua wewe uliamini nini. Neva anasema barua ikiondoka leo itafika Alhamisi. Aliniuliza kwa nini nisikupigie tu. Nimemwambia simu na mimi tulishatenda mengi pamoja, na kwenye simu nitasikia tu unavyopumua, nitageuza maneno. Naijua tabia yangu.

Ilianza hivi, na hili unalikumbuka vizuri kuliko mimi. Garland alikwenda kwenye mitambo ya mafuta huko Ghuba, akaandika barua tatu, akanyamaza. Ukalala umeelekea ukuta siku tisa. Nilikuwa naleta supu naondoa supu. Carlene, ana miaka minne, akaja kuniuliza kama mama anaumwa au amekasirika. Siku ya kumi ilikuwa Ijumaa. Nilikuwa nasugua masufuria, redio inasoma salamu za watu, fulani anamtumia fulani, na mkono wangu ukainua simu. Nikasema, kwa Ruthanne wa Kona ya Sims, kutoka kwa aliye mbali asiyesahau. Sikumtaja Garland. Kwa muda mrefu nilijiambia kwamba kwa kuwa sikumtaja, sikudanganya.

Niliporudi jioni ulikuwa umeosha nywele, unakaanga mayai. Ukaniambia, "Ovie, ni yeye." Nafasi ya kusema ilikuwa pale pale, pana kama mlango wa banda. Nikasema, "Hayo mayai yanaungua."

Basi Ijumaa iliyofuata nikapiga tena, na iliyofuata tena. Ulikuwa unakula, unafua, unacheka. Carlene akaenda shule akawaambia wenzake kwamba baba yake humtumia mama wimbo redioni, na mimi niliyekuwa nampakulia chakula nilimsikia akisema. Kwa hayo ya mwaka wa kwanza Mungu angeweza kunielewa. Hata Neva hapa anatikisa kichwa kwamba ndiyo, angeelewa.

Lakini Neva hajasikia la Hoyt. Wala wewe.

Unamkumbuka Hoyt Bledsoe wa vipuri vya trekta, aliyekuwa akileta nyanya kwenye kofia. Mtu mwema, mkono wake mgumu wa kazi, hanywi. Pasaka ile alipokuomba akuoe ukamjibu kwamba una mume, na mumeo amekutumia wimbo Ijumaa tu iliyopita. Hilo unalijua. Usilolijua ni kwamba Jumatatu yake alikuja mlango wa nyuma wa jiko la shule. Akavua kofia. Hakuwa na nyanya. Akaniuliza, "Ovaline, baada ya Ruthanne wewe ndiye unayemjua Garland kuliko wote. Unaamini kweli ni yeye?"

Nikamwambia, "Ni yeye, Hoyt. Nayajua maneno yake."

Akavaa kofia akaondoka. Aliuza duka mwaka uleule akahamia kwa kaka yake, akaoa huko, na alikufa miaka sita iliyopita, wajukuu wanne. Niliona picha. Virgil alinisomea tangazo la msiba.

Sasa usiniulize kama nilimtaka Hoyt mimi mwenyewe. Sikumtaka. Ingekuwa nafuu kusema hivyo, watu huelewa mambo ya namna hiyo. Hoyt alisema akikuoa mtahamia kwa kaka yake, mwendo wa saa tatu. Na mama alipokufa mimi nilikuwa na miaka minane na wewe unanyonya, nikaacha shule kabla sijaijua, nikakulea, na ulipokua ukawa macho yangu. Wewe ndiye uliyenisomea chupa za dawa. Wewe ndiye uliyenisomea barua za serikali, na zaburi, na maelekezo ya jiko jipya. Kazini hakuna aliyejua. Nilikuwa nasema nimesahau miwani. Miaka ishirini na minane nimesahau miwani, na mwenye kunificha ulikuwa wewe. Nikamtazama Hoyt pale mlangoni nikajiuliza, huyu akimchukua, nani atanisomea? Hilo tu. Halikuwa kubwa kuliko hilo. Nikauza maisha yako kwa chupa za dawa.

Neva ameweka kalamu chini. Nimemwambia aishike.

Kilichobaki unakijua. Kituo kikauzwa mwaka tisini na nne, Coy akabakizwa lakini salamu zikakomeshwa, na wewe ukasema Garland amekufa, maana asingeacha vinginevyo. Ukavaa nyeusi. Ukachongesha jiwe la watu wawili kule makaburini, jina lako na lake, na chini ya lake mwaka tisini na nne. Nilisimama nawe siku wanalisimamisha, nimekushika kiwiko. Sikujua kilichoandikwa mpaka uliponisomea. Mimi ndiye niliyemuua Garland, Ruthanne. Nilimuua kwa kukosa mahali pa kupiga simu.

Na huenda hajafa. Hilo ndilo linalonifanya niseme, zaidi ya Coy na redio yake. Angekuwa na miaka sabini na saba. Nimekuwa nikilifikiria tangu Jumamosi, nikiosha, nikila, nikiwa kanisani. Amekufa mwimbaji na watu elfu moja wamelia, na kuna mtu mwingine kabisa tuliyemlilia ambaye pengine yuko mahali fulani anakata nyasi. Carlene anaweza kumtafuta. Kama yupo, ni baba yake. Kama ni mshenzi, basi amjue kuwa ni mshenzi, si yule mzuri niliyemtengeneza mimi stoo. Mwambie Carlene, au usimwambie. Siwezi kukuchagulia tena.

Sikuombi unisamehe. Si kiburi. Nikisamehewa sasa hivi sitahisi, kama nisivyohisi kitu kingine. Pengine ikija baadaye, mkono ukiamka. Na usijibu kwa barua kama ni maneno makali, maana yatapita kwanza kwa Neva, na yeye hajakukosea. Njoo uyaseme mwenyewe. Au usije.

Neva anauliza kama anisomee tena toka mwanzo, tupange vizuri. Hapana. Nikiisikia nitaanza kutoa hili na lile, na kitakachobaki ni mbwa wa Stinnett. Nisalimie Carlene. Goti lipake mafuta ya moto usiku na ulifunge. Nilitaka pia kukuambia kwamba siku ile ya mayai, kabla sijaingia, nilisimama kidogo nje ya dirisha, na wewe ulikuwa

Lester wa posta amefika. Anaita kutoka barabarani, Bibi Ovaline, kuna cha kupeleka leo? Huwa hangoji mtu yule. Kipo, Lester. Kunja, Neva, kunja hivyohivyo, lete hapa. Nakwenda mwenyewe.