Ndimi za Kinanda cha Shangazi

4 Februari

Mwanangu msomi,

U hali gani huko? Unakula, au unasoma hadi chakula kinapoa? Sisi hatujambo. Mguu wangu wa kushoto ndio unaojifanya hauna mwenyewe, lakini nikiuweka kwenye cherehani unakumbuka kazi. Mume wangu, huyo Mzee Chiriku wenu, ni mzima kupita kiasi. Anaimba tangu kupiga mswaki hadi kuzima taa, na jirani wa ukuta wa pili ameanza kumwitikia.

Mgonjwa ni kinanda. Ukivuta mvukuto, upepo unaingia vizuri, lakini ndimi za ndani, vile vibati vyembamba vya shaba vinavyotoa sauti, zimechoka. Tatu zimekatika, na nyingine kama kumi zinakoroma kama mlinzi wa zamu. Nimeng'oa ubao mzima wa ndimi, nimeufunga kwa mabaki ya vitambaa na kuupakia kwenye basi. Utaupokea Ijumaa. Kwa kuwa umesomea elimu ya sauti na umepata kazi kwenye karakana ya vinanda, sioni wa kumwendea mwingine.

Kikundi chetu kinatimiza miaka thelathini, na onyesho ni tarehe 20 Machi. Mzee Chiriku ataimba ule wimbo wake mrefu ambao mwishoni unapanda mpaka watu wanashika viti. Nataka kinanda kiwe na sauti safi kuliko zamani. Ila iwe palepale ilipo. Usiipandishe, usiishushe.

Shangazi yako

11 Februari

Kwa Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo yangu ikufikie kabla ya maneno yangu, maana maneno ni mengi. Mimi ni mzima. Ninakula, ijapokuwa si kwa saa unazoziidhinisha wewe. Natumaini mguu umetii na Mzee Chiriku hajaacha kumchosha jirani.

Ubao umefika salama. Nimezifungua ndimi zote sabini na nne, mbili kwa kila kitufe, nikazitazama moja baada ya nyingine chini ya lenzi, na sina budi kusema kweli: kuna mtu ameufanyia ubao huu ukatili. Kila ulimi umekwanguliwa shinani, pale unapoungana na fremu yake. Shina limekonda kama karatasi, na ulimi wa kinanda hukatikia pale ulipokonda. Nakuomba unitajie fundi aliyefanya haya. Sikusudii kumtukana, nakusudia kumwelimisha, jambo ambalo huenda likamuuma zaidi.

La pili ni kubwa kuliko la kwanza. Ulimi ukikwanguliwa shinani hulegea, na ukilegea sauti yake hushuka. Nimepima. Kila kitufe cha kinanda chenu kinatoa sauti ya jirani yake wa kushoto. Kinanda kizima kimeshuka nusu sauti, tena kwa usawa wa kushangaza, kana kwamba vitufe vyote vilikubaliana kusema uongo mmoja. Wenzako wa kikundi hawakutambua kwa sababu wote hukaza nyuzi zao kwa kukifuata hicho hicho kinanda. Mkimfuata kipofu, mtamsifu kwa kujua njia.

Nimeagiza ndimi mpya za shaba ngumu. Nitaziweka kwenye kipimo kinachofuatwa na vinanda vyote vilivyo sawasawa, na utasikia tofauti kati ya sauti na kelele.

Mwanao

15 Februari

Mwanangu,

Marahaba, na uzidi kupewa akili, ingawa ulizonazo tayari zinatusumbua. Mguu haujambo.

Fundi huyo namfahamu. Ni mkaidi na hasomi barua za watu. Mwache.

Ndimi mpya nimekubali, tena ahsante. Lakini nilikwambia sauti irudi palepale ilipokuwa, nawe umenijibu kwa hotuba. Sasa nasema mara ya pili: palepale. Ulipokuwa mdogo ulikuwa ukiniuliza kwa nini mwezi haudondoki, nami nilikuwa naacha kushona nikakujibu kwa kubahatisha. Hili sikujibu hata kwa kubahatisha. Fanya kama nilivyosema, kisha ukale.

Shangazi yako

1 Machi

Kwa Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima na mwenye subira, kwa sababu nitaihitaji subira hiyo katika aya ya pili.

Nimeitafakari amri yako kwa siku kumi na moja na nimeshindwa kuitii. Heshima yangu kwako haijapungua hata punje. Hata hivyo, amri isiyo na sababu ni sawa na kinanda kisicho na upepo: mtu hubonyeza, lakini hakuna kinachosikika. Ungenipa hoja, ningeipima. Hukunipa, nami nikabaki na hoja zangu peke yangu, zikashinda kwa kukosa mpinzani.

Ndimi zote sabini na nne zimo mahali pake, kwenye kipimo sahihi. Mkuu wa karakana yetu, mtu asiyesifu hata chai, aliubonyeza ubao jana, akasikiliza, akasema, "Huu una roho." Sauti ni safi, ni pana, haikoromi. Ukisikia hutatamani ile ya zamani.

Nimefikiria pia lile unaloweza kuliogopa. Kama Mzee Chiriku ataona wimbo umepanda, hakuna haja ya kuuharibu ubao mzima. Hamisha mkono wako kitufe kimoja kushoto, wimbo utashuka. Hilo hufundishwa katika wiki ya pili, na wewe unapiga kinanda tangu kabla sijazaliwa.

Nitaupakia kwenye basi mwishoni mwa wiki ijayo.

Mwanao mtiifu katika mambo mengine yote

5 Machi

Mwanangu,

Usipakie kitu. Salamu utazikuta mwisho wa barua, kama zitabaki.

Umetaka hoja, haya, kaa chini. Fundi aliyekwangua zile ndimi ni mimi, kwa tupa ndogo ninayonolea mikasi.

Miaka kumi na tisa iliyopita, kwenye onyesho, Mzee Chiriku alipofika kile kilele cha wimbo wake, sauti ilimkatikia mbele ya watu. Ilikatika kama uzi. Watu hawakumcheka, na hilo ndilo lililomuumiza. Alirudi nyumbani, akavua viatu, akakaa. Hakuimba wiki sita. Hata kuongea aliongea kwa kudaiwa. Nyumba ilikuwa kama imefiwa, na mimi nikishona nilikuwa nasikia kila tundu linalotobolewa na sindano. Nilimwambia tuushushe wimbo kidogo, akaniambia siku atakayoimba kwa kushushiwa kama mzigo, siku hiyo ameacha kuimba.

Basi alipokwenda kumtembelea dada yake, nikafungua kinanda. Nilikuwa nimemwona fundi mmoja akifanya. Nikakwangua shinani, kila ulimi kiasi kidogo sana. Aliporudi nikamwomba ajaribu tu, kwa ajili yangu. Akaimba mpaka juu. Akacheka, mwanangu, akacheka peke yake kama mtu aliyeokota kitu chake. Tangu hapo, kila mwaka akienda kwa dada yake, nami nakwenda kwenye kinanda. Mwanzoni kulikuwa na mkwaruzo mmoja kwa kila ulimi. Miaka hii ya mwisho ni mikwaruzo mitatu.

Na huo mkono unaotaka niuhamishe, hilo somo lako la wiki ya pili: Mzee Chiriku anakaa ubavuni pangu tangu tuoane, na macho yake yako kwenye vidole vyangu wakati wote. Kidole kikihama kitufe kimoja, ataona. Akiona, ndiyo siku ile aliyoisema.

Sasa wewe na roho yako ya karakana mnataka kumpandisha kwa nusu sauti nzima mbele ya ukumbi uliojaa. Zimebaki siku kumi na tano. Fanya hesabu ninayoitaka mimi.

Hatujambo. Mguu unauma.

Shangazi yako

16 Machi

Kwa Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo, tena naitoa nikiwa nimesimama. Natumaini mguu umepoa, nami nimepoa kuliko mguu.

Nimeisoma barua yako mara tatu. Mara ya kwanza nilitafuta kosa katika hoja zako. Mara ya pili nilijitafutia kosa mimi, nikalipata mapema mno. Tafadhali mfikishie yule fundi mkaidi radhi zangu. Mwambie kwamba kushusha ndimi sabini na nne kwa tupa ya mikasi, kwa usawa ule, miaka kumi na tisa, ni kazi ambayo mimi mwenye vipimo vyote nisingeiweza.

Nimezishusha. Sikukwangua, kwa sababu mpya nazo zingekonda na kukatika. Nimedondoshea tone dogo la risasi ya kulehemia kwenye ncha ya kila ulimi. Ncha ikiwa nzito, ulimi hutikisika polepole na sauti hushuka, ilhali shina linabaki na nguvu zake. Imenichukua siku nane, na macho yangu bado yanaona matone mahali pasipo na matone. Utamu wa sauti haukupotea. Labda umeongezeka, lakini nimejifunza kutodai mambo kabla ya watu kusikia.

Kuna jambo moja nimeliongeza, nalo nalieleza ili usiseme nilikuficha. Nimechora mstari kwa kufuata maelezo yako: mwanzoni mkwaruzo mmoja kwa mwaka, sasa mitatu. Mstari huo unateremka kama paa la banda. Kwa kuuendeleza mbele, nimeona si haki mtu wa umri wako aendelee kupiga magoti mbele ya kinanda kila mwaka. Kwa hiyo nimeshusha nusu sauti nyingine zaidi, iwe akiba ya miaka minane. Hutahitaji tupa tena. Naamini hii ni mara ya kwanza kwa elimu yangu kukufaa kitu.

Ubao unaondoka kwa basi la leo. Mkuu wangu amekataa kunipa ruhusa ya kuja.

Mwanao

24 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Sisi wazima, na nakwandikia nikiwa nimeketi kwenye kiti badala ya cherehani, ujue leo nina habari.

Ubao ulifika jioni ya tarehe 19. Niliufunga mwenyewe kwenye kinanda, nikavuta mvukuto, nikabonyeza kitufe kimoja tu. Mwanangu, sauti ile ilijaa chumba hadi kwenye masufuria. Kisha nikasoma habari ya akiba yako na mstari wako wa paa la banda, nikashika kichwa. Lakini muda haukuwepo. Nikajisemea, afadhali amechimbiwa shimo kuliko kupandishwa mlima.

Ukumbi ulijaa, wengine walisimama dirishani. Nikaanza kupiga. Akavuta pumzi, akaimba maneno mawili, akanyamaza. Akainua kidole kwa watu kama anayeomba kupiga chafya, akaniinamia.

"Hamisha mkono," akasema.

"Wapi tena?"

"Kitufe kimoja kulia."

"Wewe umeanza lini kujua vitufe?"

"Safari hii umenishusha mno, bibi. Huku chini nitaimba kama mlango wa ghala."

Nilihamisha mkono. Sijui vidole vilijuaje pa kwenda, maana mimi mwenyewe sikuwepo. Watu walidhani ni vichekesho vyetu, wakapiga makofi. Akaimba wimbo wote, na alipofika kwenye kilele hakupaparika. Alikaa juu pale kama mtu aliyefika kwake, na kinanda chako kikambeba bila kukoroma hata mara moja. Wenye viti walishika viti. Mkuu wako ana haki ya kukisifu, na wewe leo una haki ya kujisifu, ila usizidishe.

Tulirudi nyumbani. Akavua viatu. Nikazikumbuka zile wiki sita. Nikamuuliza, tangu lini unajua?

Akasema tangu mwaka wa kwanza. Kila akirudi kutoka kwa dada yake alikuwa anakuta vumbi la shaba kwenye meza yangu ya kushonea, na mimi sishoni shaba.

Nikamuuliza, na mbona hukusema miaka yote hiyo?

Akanivutia kiti, akaniinua ule mguu mbovu na kuuweka juu ya mto.

"Ningesema," akaniambia, "ungeacha."

Shangazi yako