Rangi ya Lila na neno nililomwambia yaya

Jumapili, jioni.

Mvua ilinyesha tangu saa nane, sasa imekatika, na joto la Uvira limerudi palepale. Miguu yangu iko ndani ya beseni la maji ya chumvi, simu iko mapajani. Nimetoka mlimani. Nimeshuka kwa miguu muda wa saa tatu nzima, kisha moto, yaani pikipiki, ikanichukua mpaka hapa mtaani Nyamianda.

Niliwaza nisiyaandike haya kwenye blogu. Lakini neno lenyewe nililisema mbele ya watu. Basi na majuto yake yasomwe na watu.

Mimi ni mwalimu wa biolojia. Miaka minne iliyopita daktari mmoja wa kigeni, aliyekuwa anamaliza kazi yake hapa mjini, aliniachia paka wake. Alikuwa Siamois, paka wa Siam, wa ukoo, mwenye karatasi inayotaja baba, mama na mababu zake, na penye nafasi ya rangi waliandika: lilas, zambarau iliyopauka. Paka wa aina hiyo huwa na mwili mweupe, halafu uso, masikio, miguu na mkia vina rangi. Kwa wengi rangi hiyo ni kahawia nzito, karibu na nyeusi. Wapo wa chokoleti, wapo wa bluu. Lilas ndiyo adimu, kwa sababu mtoto lazima arithi udhaifu wa aina mbili kutoka kwa baba, na uleule kutoka kwa mama. Ukikosekana mmoja, rangi haiji.

Nilimwita Lila. Mwili wake ulikuwa kama maziwa, na uso wake kama majivu yaliyoingiwa na wekundu kidogo. Macho ya bluu. Ncha ya mkia ilikuwa na kifundo kidogo kigumu, kama punje ya hindi chini ya ngozi. Watu walikuwa wanapita nyumbani kumpiga picha. Wanafunzi wangu niliwachorea ukoo wake ubaoni. Nakiri kwamba nilijisikia mtu mkubwa kwa sababu ya paka.

Kisha ziwa likapanda. Wa Uvira mnakumbuka. Maji yaliingia sebuleni, tukatoa magodoro juu ya vichwa. Mwenzangu wa shuleni, Madame Jeanne, alinipokea kwake upande wa juu, lakini mtoto wake ana pumu, paka hakuweza kuingia. Ndipo nikamwomba yaya.

Yaya Mapendo ni dada yangu mkubwa; huku kwetu dada mkubwa huitwa yaya. Anaishi kule juu, kwenye baridi, analima viazi na maharage. Shule aliiacha mwaka wa tatu wa msingi, mama alipougua, na mimi nikaendelea. Hajawahi kunikumbusha jambo hilo hata siku moja. Alimbeba Lila ndani ya kitunga, akamfunika kwa kitenge chake, akapanda naye.

Alikaa naye miezi tisa.

Nyumba ilipotengenezwa, nilituma ujumbe. Yaya akashuka mwenyewe. Siku hiyo nilikuwa na wageni uani, Madame Jeanne na walimu wengine wawili, na jirani mmoja aliyekuja kuomba moto wa jiko. Yaya aliingia na vumbi mpaka magotini, akatusalimu wote, akaweka kitunga chini.

"Furaha, mutoto wako huyu. Amekula muzuri," alisema akicheka.

Akafungua. Akatoka paka wa rangi ya majivu mwili mzima. Uso ulikuwa umekolea, mkia umekolea zaidi, na ubavuni kulikuwa na doa la rangi nzito, kubwa kama kiganja.

"Huyu si Lila," nikasema.

"Njo yeye," akasema, yaani ndiye.

"Lila ni mweupe, yaya."

"Kule kwetu baridi iko mingi. Baridi njo ilimugeuza. Ilianza ku mukia, ikapanda pole pole. Na hapa ku mbavu, mbwa alimuluma, manyoya ikaanguka, ikarudi na rangi ya mukia. Minye mwenyewe nilishangaa."

Mwalimu mmoja akacheka. Hakucheka kwa ubaya, nadhani. Lakini kicheko kile kilinichoma, nikaona aibu kwamba huyu ndiye dada yangu, anayesema baridi inapaka paka rangi, mbele ya watu waliosoma.

"Yaya, rangi iko mu damu," nikasema. "Haibadilike ju ya baridi. Minye nafundisha hii kitu kila mwaka, weye utanifundisha nini? Sema tu kama ulimuuzisha, ukaniletea mwingine."



Yaya hakupaza sauti. Alinitazama tu, kama mtu anayejaribu kukumbuka sura yangu. Paka akaja akajisugua mguuni pangu, akalia mlio wake ule mbovu wa kikohozi. Nikavuta mguu.

Hapa ndipo pananiuma kuliko pengine pote. Mlio ule niliujua. Ningeinama nishike ncha ya mkia, ningekikuta kile kifundo. Sikuinama. Neno lilikuwa limeshatoka, wenzangu walikuwa wamelisikia, na niliogopa kuwa mimi ndiye niliyekosa.

Yaya akamrudisha paka ndani ya kitunga, akaondoka. Maji niliyomwekea mezani hakuyagusa.

Hiyo ni miaka miwili sasa. Kila nilipowaza kumpigia, nilijiambia aanze yeye, kwa sababu yeye ndiye mwenye kosa. Ukijiambia jambo mara nyingi, unaanza kulala nalo vizuri.

Mwezi huu shule ilipata vitabu vipya vya biolojia. Jumatatu nilikuwa chumba cha walimu naandaa somo, nikafika kwenye sura inayosema jinsi mazingira yanavyogusa urithi. Kulikuwa na picha ya sungura mweupe. Walimnyoa mgongoni, wakamfunga barafu pale, na manyoya yalipoota upya yakaota meusi. Chini yake kulikuwa na picha ya Siamois. Kitabu kinaeleza kwamba paka huyo amerithi rangi inayofanya kazi penye ubaridi tu. Ndiyo maana masikio, miguu na mkia, ambako mwili hauna joto sana, vina rangi, na tumbo halina. Akihamia mahali pa baridi, mwili mzima huanza kukolea. Ukimnyoa, au akipata kidonda, manyoya mapya huja na rangi ileile ya mkia.

Nilisoma mara tatu. Kisha nikafunga kitabu, nikaenda kusimama kwenye choo cha walimu mpaka kengele ikalia.

Yaya aliyaona yote haya kwa macho yake. Mkia kwanza, halafu mwili, halafu doa la ubavuni. Aliyasema kwa mpangilio uleule wa kitabu, bila kitabu.

Alhamisi nikalifundisha somo. Msichana mmoja wa mstari wa mbele akauliza kama nimewahi kuona paka wa namna hiyo.

Nilisema hapana.

Nilipotoka darasani nilimwomba prefe, mkuu wetu wa shule, ruhusa ya Ijumaa na Jumamosi. Ijumaa nikanunua ndagala, dagaa wa ziwani, na chumvi na sabuni. Jumamosi asubuhi nikapanda mlima.

Nilimkuta yaya mbele ya nyumba anachambua maharage kwenye ungo. Nywele zimeanza kuwa nyeupe pembeni. Lila alikuwa amelala juu ya gunia karibu naye, majivu kabisa sasa, mnene, masikio yamekolea. Nikanyoosha mkono. Akaunusa, akageuza kichwa, akajisogeza kwenye kitenge cha yaya. Nikashika mkia wake taratibu mpaka kwenye ncha. Kifundo kilikuwapo.

"Yaya, nimekuja kukuomba musamaha."

"Ya paka?"

"Ya paka. Na ya lile neno."

Vidole vyake viliendelea kuchambua. Nikamweleza kitabu kinavyosema, sungura, barafu, kila kitu. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Sasa kitabu kikisema, njo unaamini," akasema. "Minye niliposema, haukuamini."

 

Akasema tena, bila kuniangalia, "Ile siku nilishuka na njaa, Furaha. Nilisema mu njia, nitakula kwa mudogo wangu."

Nililia. Yeye hakulia. Akaniambia mambo ambayo sikuyajua. Akina mama wa kule wanashuka kila wiki kuuza viazi soko la Uvira, na neno langu lilipanda mlima pamoja nao. Likawa linasemwa kwamba Mapendo aliiba paka wa bei wa mdogo wake. Yaya ndiye aliyekuwa anashika ufunguo wa ghala la mbegu la akina mama wa kanisa, miaka kumi na moja. Walimwomba aurudishe. Hawakumwambia sababu, na yeye hakuwauliza. Binti yake wa kwanza aligombana shuleni kwa sababu ya jambo hilo, akakataa kwenda wiki nzima.

"Nitawaambia ukweli," nikasema. "Kesho, mu kanisa."

"Utawaambia na kitabu?"

"Na mudomo wangu tu."

Akainua mabega. Jioni akapika bugali na maharage, akaniwekea ndani, sahani yangu peke yangu. Yeye na wanawe wakala nje kwenye jiko. Nilikula mpaka nikamaliza.

Leo asubuhi, wakati wa matangazo, mchungaji aliniruhusu kusimama. Nikasema jina langu, nikasema mimi ni mdogo wake Mapendo, na kwamba mwizi hakuwapo. Paka ni yuleyule. Dada yangu alisema kweli, na mimi nilimtukana kwa sababu nilidhani mtu aliyesoma kidogo hawezi kujua kitu ambacho mimi sikijui. Waliposikia paka anabadilika rangi kwa baridi, baadhi walicheka. Mzee mmoja akauliza kama na ng'ombe wake watageuka. Kanisa zima likacheka, na mimi nikasimama pale mpaka wakamaliza.

Yaya alikuwa amekaa nyuma. Aliangalia chini muda wote.

Baadaye nje, mwenyekiti wa akina mama wa kanisa akanishika mkono, akasema nimefanya vema. Nikamuuliza habari ya ufunguo. Akasema ufunguo uko kwa mama mwingine sasa, na huyo naye hajakosa lolote, watamnyang'anyaje? Ni kweli. Nilidhani nikisema ukweli kila kitu kitarudi mahali pake, kama samani baada ya maji kukauka. Miaka miwili ya yaya imekwenda, na mahali pake pamekaliwa.

Sikumwomba yaya anirudishie Lila. Nilitaka kumwomba, hata nilifungua mdomo, kisha nikaona jinsi paka alivyokuwa anamfuata yaya kutoka mlangoni hadi jikoni. Karatasi yake ya ukoo bado iko kwenye sanduku langu. Haimfanyi kuwa wangu.

Yaya alinisindikiza mpaka kwenye kijito. Tulipofika akaniambia, "Shuka pole pole, njia inateleza." Akageuka, akaenda. Hakuniambia nirudi. Hakuniambia nisirudi.

Nimekuwa nikiigeuza sentensi ile kichwani njia nzima, nikitafuta ndani yake msamaha. Labda ulikuwamo. Labda alikuwa anasema tu kwamba njia inateleza.

Likizo ikianza, nitapanda tena, wakati wa kupalilia viazi. Sitapeleka kitabu wala hotuba. Yaya akinipa jembe, nitalima. Asiponipa, nitakaa kando ya shamba lake nimsikilize, akitaka kusema.