Kompyuta Iliyozimika Kila Tulipoiacha Peke Yake

Heru Juu, Alhamisi, magharibi.

Mvua imenyesha tangu asubuhi, na ukungu umetulia juu ya vilima kana kwamba umepewa kibali cha kukaa. Nimeketi mezani nikiwa na moyo mwepesi, jambo ambalo sikulitarajia nilipoamka. Nakuomba, ewe shajara, unipokee kwa utaratibu, maana leo nina shukrani nyingi na sipendi yoyote kati yake ipite bila kuandikwa.

Binti yangu Devota anasomea uchoraji wa katuni katika chuo kimoja cha sanaa, na kwa sasa yupo nyumbani kwa likizo. Kazi yake ya kumalizia mwaka ni filamu ya katuni ya dakika tatu: mbuzi wa jirani anakula muhogo ulioanikwa uani, na kikongwe mmoja anamfukuza kwa maneno matupu, kwa sababu magoti yake yamekwisha kustaafu. Sauti ya kikongwe huyo ni ya mama yangu mzazi. Aliitoa kwa Kiha, akiwa jikoni, bila kuandikiwa neno hata moja.

Kazi hiyo inatakiwa ifike chuoni kwa njia ya mtandao kabla ya kesho saa sita mchana. Isipofika, Devota atarudia mwaka, na mimi sina uwezo wa kulipia mwaka mmoja mara mbili.

Mimi huandikia watu barua za maombi kwenye kibaraza kimoja mjini Kasulu. Kwa kipato hicho, kompyuta mpya yenye nguvu ya kutengenezea filamu haizungumziki. Kilichowezekana ni kuunganishiwa moja, kipande baada ya kipande, na kijana aitwaye Zakayo, fundi wa Kibondo. Yeye alikuwa amenunua makasha ya kompyuta kutoka ofisi moja iliyofunga shughuli zake baada ya kambi ya wakimbizi ya Mtendeli kufungwa. Alichagua kasha lenye prosesa bora kuliko mengine, akaongeza RAM, akaondoa diski ya zamani iliyokuwa ikikoroma na kuweka SSD, diski mpya isiyo na kelele. Kisha akatafuta kadi ya grafiki iliyotumika.

Nilipouliza kama kadi hiyo ni ya lazima, alinijibu bila kuinua macho kutoka kwenye bisibisi yake.

"Mzee, ungekuwa unaandika barua zako tu, ningekwambia achana nayo. Lakini binti anachora. Hapa usibane. Bana kwenye kioo."

Nikabana kwenye kioo. Nilichukua cha zamani chenye mkwaruzo pembeni, nikakipakata kutoka Kibondo hadi Kasulu kama mtoto anayepelekwa kliniki.

Zakayo alinionya jambo moja: vumbi. Anayeijua ardhi yetu nyekundu hahitaji maelezo. Jioni ya siku ile niliwakusanya watu wa nyumba yangu na kutamka kwamba kuanzia saa hiyo ni marufuku chembe yoyote ya vumbi kuingia ndani ya chombo hiki, na kwamba kila mmoja atawajibika kwa nafasi yake. Mke wangu alicheka chinichini. Mama aliitikia, "Ego," yaani ndiyo, kwa unyenyekevu wote.

Kisha mateso yakaanza.

Picha zikishakamilika kuchorwa, kompyuta huachwa izipike kuwa filamu. Devota huita kazi hiyo kurenda. Huchukua saa nne hivi na haihitaji mtu, ila haitaki kukatizwa. Jioni umeme wetu hudhoofu mpaka balbu inafanana na kaa la moto, kwa hiyo muda wa kutegemewa ni asubuhi. Devota alikuwa akiiwasha, akiiamuru ianze, kisha akifuatana na mama yake kwenda kuvuna maharage. Akirudi mchana, anaikuta imezimika. Siku ya pili vilevile. Siku ya tatu vilevile.

Mbele yetu haikuzimika hata mara moja. Ilizimika tu tulipoipa kisogo.

Niliibeba hadi Kibondo. Nilisimama mbele ya meza ya Zakayo, wateja wakiwa wamejaa, nikamweleza kwa Kiswahili kilichonyooka kwamba amemuuzia mzazi maskini mzoga uliopakwa rangi, na kwamba dhamiri yake, kama bado anayo, imsute.

Zakayo aliweka bisibisi chini.

"Mzee, hapa si mahakamani. Weka mzigo, tuupime."

Aliiachia kazi ya kurenda kutwa nzima. Haikuzimika. Mteja mmoja akasema labda inaogopa hewa ya Kasulu, wakacheka. Zakayo hakucheka. Alifungua kompyuta yake mwenyewe, akatoa pawa saplai yake iliyo madhubuti, yaani kifaa cha kuigawia umeme, na kuifunga kwenye yetu.

"Nenda na hii. Binti amalize kwanza. Mimi nitajishikiza."

Nilitaka kulipa, akakataa. Nami niliondoka bado nimenuna, nikimwona kama mtu anayejaribu kufunika kosa lake.

Juzi ikazimika tena. Jana ikazimika tena. Jana jioni Devota alikaa mlangoni akisema kwamba pengine uchoraji haukuwa fungu lake. Mimi ninayelipwa ili niwe na la kusema, nilimletea chai tu.

Leo mvua iliwafukuza wateja, nikafunga meza yangu mapema. Nilifika nyumbani kabla ya saa sita. Devota alikuwa ameenda mashineni kusaga muhogo na mvua ikamzuia huko. Sebuleni nilimkuta Mama peke yake, ameketi kwenye kigoda, ufagio miguuni. Kando yake, juu ya meza, palikuwa na kitu kikubwa kilichofunikwa blanketi zito, na ncha za blanketi zimekunjwa kwa ustadi chini yake.

Niliingiza mkono. Kasha lilikuwa la moto kama sufuria iliyoepuliwa.

"Mama, nani amelifunika?"

"Ni mimi. Si ulikataza vumbi? Nikitaka kufagia nalifunika kwanza. Nikimaliza naliacha mpaka vumbi litulie, kisha nalifunua kabla Devota hajarudi, nisimcheleweshee kazi yake."

"Kila siku?"

"Kila siku. Ulisema kila mtu kwa nafasi yake."

Nilikaa chini. Nilimweleza, kwa Kiha chetu cha nyumbani, kwamba chombo hiki kina feni na kinavuta hewa, na kikifunikwa wakati kinafanya kazi hujizima ili kisiungue. Alilitazama lile kasha kwa huruma ya kweli.

"Kumbe linapumua. Mbona hukusema? Wewe mwenyewe nilikufunika kwa blanketi kama hili mpaka pua, na hukuzimika."

Nilicheka hadi machozi yakanitoka. Naye akacheka, na hofu niliyokuwa nayo ya kumvunja moyo ikaondoka.

Devota aliporudi, ameloa, na kuelezwa, alimkumbatia bibi yake kwanza, ndipo akakimbilia kompyuta. Tuliwasha saa sita. Hakuna aliyefagia. Mama alikataa kuondoka kwenye kigoda chake, akawafukuza hata kuku waliokaribia mlango. Saa kumi na dakika chache filamu ilikuwa tayari.

Tuliitazama sote. Mbuzi alipoanza kutukanwa kwa Kiha, Mama alisikiliza kwa makini, kisha akasema, "Huyo bibi ana mdomo."

Devota aliweka filamu kwenye simu, akapanda hadi kanisani, ambako mtandao unashika. Amerejea giza likianza kuingia na neno moja tu: "Wamepokea."

Namshukuru Mungu. Namshukuru mama yangu, aliyenitii kuliko nilivyostahili. Namshukuru binti yangu, ambaye hakunilaumu ingawa amri ilikuwa yangu.

Nimempigia Zakayo simu na kumweleza yote. Amecheka sana, akasema, "Mzee, yameisha hayo, hamna noma," na kwamba pawa saplai tukae nayo mpaka Devota arudi chuoni.

Lakini kwangu hayajaisha. Maneno yangu yalisikiwa na watu waliojaa pale, na huenda wapo waliopeleka kazi zao kwa fundi mwingine kwa sababu ya maneno hayo. Simu ya watu wawili haiwezi kuyafuta.

Kesho nitapanda basi la kwanza kwenda Kibondo. Nitasubiri mpaka wateja wajae mbele ya meza yake, ndipo nitakaposema kwamba nilikosea.