Simba Niliyemuua kwa Dadu

Nyasubi, Jumamosi, Juni 1986

Eti mwanamke haui simba! Kaka Masanja kanitolea macho akalisema hilo mbele ya Mwalimu Idi, jirani yetu, na Idi akacheka.

Mchezo tumeutunga sisi watatu, na ramani niliichora mimi nyuma ya kalenda ya zamani: msitu, mazimwi, chatu, fisi, simba. Kila mtu ana mwindaji wake na ng'ombe wake wa karatasi, anarusha dadu na kupigana. Leo wao wawili walimkimbia simba. Mwindaji wangu alibaki, nikapata sita mara tatu mfululizo, simba akafa.

Kwetu Usukumani aliyeua simba hupita nyumba kwa nyumba akicheza ngoma, na kila nyumba humpa zawadi. Masanja mwenyewe ndiye aliyeiingiza sheria hiyo mchezoni. Wiki jana alipoua yeye, nilimpa ng'ombe wangu wawili wa karatasi bila kinyongo. Leo nimedai changu.

"Wewe Kabula tutakupa kanga ujifunge," akasema. Kanga!

Nimeikunja ramani nikaondoka nayo. Idi kanifuata mlangoni: "Dada Kabula, ni mchezo tu." Kama ni mchezo tu, mbona ng'ombe wa karatasi wanawauma hivyo?

Ninachohofia ni kwamba kesho nitairudisha, maana naupenda mno huu mchezo, na wao wanajua, na...

Mwaka jana fisi wa kweli alipoingia zizini kwa mama, nilitoka na mchi nikamfukuza peke yangu. Masanja alikuwa ndani, amelishikilia komeo kwa mikono miwili.