Sauti ya Lusungu

Igamba, Mbozi
Jumapili

Mdogo wangu Ruti,

Naomba barua hii iwakute wazima hapo Tunduma, wewe na shemeji Yonathani, na huyo mgeni wetu Lusungu aliyekuja kutuongezea ukoo. Mimi mwili haujambo. Kahawa imeanza kuiva na baridi haina huruma.

Najua umenuna. Nimepata habari kwamba shemeji analalamika eti dada mtu siku hizi ni bosi, hapokei simu. Nuna tu, lakini soma mpaka mwisho.

Unajua nilivyokuwa nikiringia somo langu la Kiingereza. Watoto wanasoma neno huku wakipiga dawati: silabi moja, kofi moja. Yenye mkazo, kofi zito mpaka vumbi linaruka. Watoto wetu hupeleka mkazo karibu na mwisho wa neno, kama kwenye Kiswahili, na mimi nilikuwa nawagundua wakikosea hata nikiwa ubaoni nimewapa mgongo.

Mwezi uliopita mwalimu mkuu, Mwalimu Hezron, aliingia kukagua. Nikamsimamisha Goodness asome neno hospital bila makofi. Kumbe mkazo ameubandika katikati badala ya mwanzo. Nikamsifu. Darasa zima likacheka, nami nikacheka nao, nikidhani wamefurahi.

Baada ya kipindi Hezron aliniita pembeni. Akaziba mdomo kwa daftari, kumbe nyuma yake ananiuliza jambo. Nikabaki namtazama, nikisubiri aanze kuuliza. Alipolishusha daftari, macho yake yalikuwa mekundu kwa machozi. Sasa Kiingereza anafundisha Mwalimu Osea, mimi nimepewa kusimamia shamba la kahawa la shule. Inaniuma, Ruti. Inaniuma sana.

Masikio yangu yamekufa, mdogo wangu. Ni ile homa iliyonilaza wakati wa masika. Daktari wa Mbeya amesema hayatarudi. Nilikuwa najikokota kwa kusoma midomo ya watu, na simu haina mdomo.

Siku ile uliponitumia meseji kwamba unamwekea Lusungu simu nisikie anavyolia, nilisema amechukua sauti ya marehemu mama. Ukaniandikia kwamba umelia kwa furaha. Ruti, sikusikia kitu. Nilibahatisha tu, nisikuvunje moyo.

Usinipigie tena, niandikie. Na ukija, mlete mtoto. Akilia usiwahi kumbembeleza. Niwekee kwanza mgongo wake kiganjani, labda nitaijua sauti yake kwa hapo.

Msalimie sana shemeji, umwambie dada mtu hajawa bosi.

Ni mimi dada yako nikupendaye,
Tusekile