Mama Anataka Muuguzi, Mimi Nataka Ng'ombe

Mama Ngendo mpendwa,

Nisaidie kabla Jumatatu haijafika, maana hii ni mara ya nne naianza barua hii, tatu za kwanza nimewashia moto jikoni, na hata sasa naandika nimesimama kwa sababu nikikaa dakika tano miguu inataka kwenda, naanza kumenya viazi naviacha, nashika panga niende kukata nyasi halafu nakumbuka hatuna ng'ombe tena, mpaka mama ananiuliza kama nimeingiliwa na siafu.

Mimi ni msichana wa miaka kumi na tisa, natoka Giakanja, na nimeitwa chuo cha uuguzi, jambo ambalo mama ameliombea tangu nikiwa darasa la tatu, kwa kuwa yeye amefagia wadi za hospitali miaka kumi na minne na kila akirudi anasimulia vile masista wanavyokanyaga sakafu yake kabla haijakauka bila kumwona, na ameapa mtoto wake atakuwa upande ule mwingine. Kanisani nilishasimamishwa mbele nikatangazwa, Jumapili hii nitawekewa mikono niombewe kama muuguzi, na sare imeshashonwa. Lakini kuna barua nyingine nimeificha ndani ya gambuti, kile kiatu changu cha mpira cha zizini, ya chuo cha afya ya mifugo, niliomba bila kumwambia mtu yeyote, nao wamenikubali, nao pia wanasema nifike Jumatatu hiyo hiyo.

Mambo yalianza na baba. Mwaka jana ng'ombe wetu Nyakairu alitupa ndama mimba ikiwa ya miezi saba, baba akamvuta yule ndama kwa mikono mitupu na kumzika pamoja na kondo la nyuma, na baada ya wiki chache akashikwa na homa, inakuja jioni inaenda asubuhi, viungo vinamuuma hata jembe hawezi kushika. Tulienda kliniki moja tukaambiwa ni taifodi, akameza dawa, homa ikarudi, tukaenda nyingine, taifodi tena, ikawa miezi mitano ya taifodi na baba amebaki mifupa.

Aliyetuonyesha njia hakuwa mtu wa hospitali. Ni Mutahi, daktari wa ng'ombe anayezunguka huku kwetu na pikipiki, alikuja kumpandisha Nyakairu mbegu, akamwona baba amejifunika blanketi na jua linawaka, akaacha ng'ombe akamwendea.

"Mzee, hii homa yako huwa inaenda ikirudi?"

"Ati umejua aje?" baba akamuuliza.

"Na hii ng'ombe ilitupa ndama lini?"

Baba alipomwambia, Mutahi aliandika neno moja kwenye karatasi, brusela, ugonjwa wa ng'ombe unaoambukiza watu, akasema tuwaonyeshe hospitalini wapime hiyo. Walipima wakaipata. Baba alimeza dawa wiki sita na leo anapalilia kahawa. Mama Ngendo, tangu siku hiyo sijatulia, kwa sababu mtu mmoja alitazama ng'ombe, akatazama mtu, akaona ugonjwa ni mmoja, na mimi nataka kuwa mtu kama huyo.

Mutahi alisema pia Nyakairu atolewe damu ipimwe na asiende popote kwanza, lakini mama hakungoja, alimuuza kwa Mama Shiro wa Ruring'u, wako naye kwa kikundi cha kina mama kanisani, ana watoto wadogo na anauzia ploti nzima ya wapangaji maziwa. Huku kwetu ng'ombe akitupa ndama hatangazwi, anauzwa kimya kimya. Mimi ndiye niliyempeleka kwa kamba, na Mama Shiro akaniuliza kama ana shida yoyote, nikasema hana, basi hayo yakapita.

Mama nimejaribu kumpima mawazo. Nilimuuliza, "Mama, na kama mtu angesomea ng'ombe?"

"Ati nini? Nimefagia damu ya watu miaka yote hiyo ndio ukuje kuingiza mkono kwa ng'ombe? Hiyo ni kazi ya kina Mutahi. Wewe utaitwa sista."

Nilimwangalia baba anisaidie. Akasema, "Hiyo ni maneno yako na mama yako," akatoka nje.

Sasa asubuhi mimi ni muuguzi, saa sita mimi ni daktari wa ng'ombe, ikifika saa kumi nawaza kuacha vyote niende stendi ya Kenol nikauzie abiria ndizi. Nikienda uuguzi nitaishi maisha aliyoyaota mama, nikienda mifugo nitamvunja moyo, naye hana kingine anachojivunia. Nataka kazi ya kusaidia watu na wanyama pia na sijui kama ipo. Tafadhali niambie niende wapi.

Asiyetulia, Giakanja

MAMA NGENDO ANAJIBU

Asiyetulia, kaa chini kwanza. Viazi havina haraka.

Swali uliloniuliza ni jepesi na wewe umeshalijibu. Habari za uuguzi umeziandika kwa mdomo wa mama yako tangu mwanzo hadi mwisho. Za ng'ombe umeziandika kwa mdomo wako. Nenda kwenye mifugo. Na kazi unayoitafuta ipo: magonjwa yanayotoka kwa mnyama kuingia kwa mtu yana watu wanaoyasomea na kuajiriwa kuyafuatilia, na wengi wao walianza wakiwa na gambuti miguuni kama Mutahi, wakaongeza masomo baadaye. Itakuchukua miaka. Wewe ni kijana, miaka unayo.

Mama yako namhurumia, na nimefurahi kuona nawe unamhurumia. Mtu aliyepitwa na watu miaka kumi na minne kama ndoo ya maji machafu ana haki ya kuota ndoto kubwa. Ila sista si jina pekee linalompa mtu heshima, na hilo ulipaswa kumweleza mwezi jana, si kumzungusha kwa "na kama mtu angesomea." Mtu gani? Ni wewe. Toa ile barua kwenye gambuti kabla haijaota ukungu, umpe mkononi. Tena iwe kabla ya Jumapili. Ukikubali kuombewa uuguzi huku moyoni umeshakataa, utakuwa umedanganya kanisa zima wakiwa wamefumba macho.

Baba yako naye asitoroke. Yuko hai kwa sababu daktari wa ng'ombe alimtazama mara mbili. Mwambie aketi na aseme hivyo mbele ya mkewe.

Sasa tuje pale kalamu yako ilipokimbia. Hospitali walipima brusela wakaipata kwa baba yako. Mutahi alisema ng'ombe asitoke. Ng'ombe akatoka, wewe ukiwa umeshika kamba, ukaulizwa swali la wazi na mwanamke mwenye watoto, ukamdanganya. Kisha unaniandikia eti hayo yamepita. Yamepita kwako, binti yangu. Kwa Mama Shiro yanakamuliwa kila asubuhi na kupelekwa mlango kwa mlango.

Najua hukuwa na nia mbaya, na najua desturi hiyo, hata mimi nimezaliwa huku. Mtu anaona aibu kwamba ng'ombe wake ametupa ndama, kana kwamba ni binti yake amepata mimba nje. Lakini wahenga walisema mficha maradhi, kifo humuumbua, na hapa mmeficha nyinyi na atakayeumbuliwa ni mtoto wa mwingine.

Leo hii, ukishamaliza kusoma gazeti, mpigie Mutahi simu mwende naye Ruring'u. Usimtume aende peke yake, na usisingizie mama yako. Mwambie Mama Shiro, "Uliniuliza nikakudanganya." Maziwa yote yachemshwe mpaka yatokote, hata yale ya kugandisha ambayo watu huyaacha mabichi, na asiuze hata kikombe mpaka Nyakairu apimwe. Majirani waliokunywa waambiwe. Aliye na homa isiyoisha, na hasa mwanamke mjamzito, aende hospitali na ataje ng'ombe kabla hajaandikiwa taifodi.

Mama yako atafoka. Atasema umemvua nguo mbele ya kikundi chake. Mwache afoke, msikilize, usimjibu. Mambo ya bei ni yake na Mama Shiro wayamalize, wewe hayakuhusu. Huenda Mama Shiro naye akakufukuza, na ana haki. Utasimama hapo mpaka amalize, halafu utamwonyesha Mutahi njia ya kuingia zizini.

Ukilifanya hilo, Jumatatu panda gari uende chuoni kifua mbele. Ukishindwa, usijisumbue kuchagua chuo. Muuguzi anayeficha ugonjwa na daktari wa ng'ombe anayeficha ugonjwa ni mtu yule yule, na huku kwetu tunao wa kutosha.

Mama Ngendo