Nauli ya Kurudi Ruponda au Gramafoni

Mdogo wangu Felista,

Nakusalimu kutoka huku Iringa kwenye baridi. Goti lako linaendeleaje? Na mbaazi je, nguruwe pori wamekuachia chochote? Mimi naamka, nakula, nalalamika, kwa hiyo ujue ni mzima. Anayeandika ni mkwe wangu, mke wa mwanangu Damasi. Mimi nasema tu.

Sasa Felista, ile hela ya korosho uliyonitumia iwe nauli ya kuja Ruponda, bado ninayo. Nimeifunga kwenye pindo la kanga, lakini imenivuruga akili. Kuna mzee jirani hapa, seremala mstaafu, anauza gramafoni. Si unazikumbuka santuri za marehemu mume wangu, lile sanduku lililoko uvunguni mwa kitanda chako? Zile alizopewa kule Ruangwa, duka la tajiri wake lilipofungwa. Mshahara hakuna, kaja na santuri kwenye baiskeli! Nikamwambia hizi tutazipika na nini? Nikanuna. Jioni akatia betri kwenye gramafoni yetu, tukacheza mpaka ming'oko niliyoichimba porini ikaungua jikoni. Gramafoni hiyo tuliiuza alipougua. Santuri hakuna aliyezitaka.

Basi Damasi anasema siku hizi zinatafutwa. "Mama, uza sanduku zima." Mkwe anasema, "Mama, nyimbo zote zimo kwenye simu, za nini hizo sahani?" Yule mzee naye anasema nisiuze kitu, ninunue gramafoni yake, hiyo ni mali, bei itapanda. Kila anayeongea namwona kasema kweli. Nalala nimeamua, naamka sijui niliamua nini.

Juzi mzee huyo akanipigia santuri yake moja nisikie. Mwanzo inakwaruzakwaruza, kama mafuta yakiingia maji, halafu wimbo unakuja. Hata siujui. Lakini Felista, watu wote pale sebuleni kwake tulisikia wimbo mmoja! Humu kwa Damasi kila mtu ana waya wake masikioni. Naongea wee, kumbe naongea na kabati. Mkwe anasema hilo haandiki. Andika, mwanangu, sikutaji wewe peke yako.

Nikinunua, nauli imekwisha, nitakaa huku mpaka korosho za mwakani, na santuri ziko kwako. Nikija, santuri nitaziona, ila za kutazama. Na wewe na mimi tumeshazeeka, mwakani ni mbali. Halafu huku hata nikiipiga, nitacheza na nani?

Ona sasa, mkwe kaweka kalamu chini. "Mama, si utacheza na mimi?" Haya! Nilikuwa nimeanza kuona njia, kaiziba tena.

Nisalimie shemeji, mume wako, mwambie asipande juu ya paa na umri ule. Msalimie binti yako anayeuza vitumbua Nachingwea mjini, na yule katekista wetu wa kigango, bado namwombea kifua chake.

Barua hii anakuletea mwalimu anayekuja likizo, atarudi huku shule zikifunguliwa. Mpe jibu kwa mdomo. Usinipe maelezo, maelezo ninayo tele. Ukisema njoo, nakuja. Ukisema nunua, nitanunua, ila nitalia kidogo kwanza.

Ni mimi dada yako uliyenyonya naye ziwa moja,
Skolastika